Taa ya Hodi

"Nani kaitoa globu?"

Msabah alikuwa amesimama juu ya meza, kichwa kinakaribia kugusa boriti, na kidole chake kimekielekea kishikio kitupu kilichoning'inia katikati ya dari. Humo chumbani hapakuwa na mtu wa kuulizwa ila bintiye Mwanamwema, naye alikuwa hapo hapo miguuni pake, ameishika meza isiyumbe. Lakini Msabah aliuliza kwa sauti ya kusikiwa mpaka uani.

"Mimi, baba. Niliitoa siku ile ile waliyomchukua Ame. Nikaitupa jaani."

"Umeitupa."

"Taa yenyewe ndiyo iliyotuponza. Sikutaka kuiona tena."

Msabah akashuka. Alishuka taratibu, na wanaomjua wanajua kwamba taratibu ile ni mbaya kuliko makelele. Kule kwao Kikwajuni watu walimpa jina la Shoti, na si kwa sababu ya kazi yake ya umeme tu. Siku moja aliwahi kukunja waya zake na kuondoka, nyumba ya watu nusu kiza nusu mwanga, kwa sababu mwenye nyumba alisimama nyuma ya mgongo wake akimwelekeza.

"Hebu tuyaweke sawa, mwanangu," alisema. "Wamemchukua mumeo kwa kuwa taa ya chumba hiki inawaka kila magharibi, na dirisha linatazama baharini. Wamesema anawapa ishara watu wa nje. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na tokea achukuliwe, taa haijawaka. Mtaani wanasemaje?"

Mwanamwema alitazama chini. "Wanasema, mnaona, kaondoka yeye, na taa imetulia."

"Imetulia kwa kuwa weye umeitoa globu. Wao hawajui hilo. Wanachokijua ni kuwa Ame yumo ndani na taa haiwaki. Umemfungia mlango mumeo kwa nje, ukatupa na ufunguo."

Msichana akaanza kulia, na Msabah, badala ya kupoa, akazidi kuchemka. Alikasirishwa na kilio, alikasirishwa na meza iliyoyumba, alimkasirikia hata Ame mwenyewe, mkwe mpole aliyekuwa akibeba mizigo bandarini na kurudi nyumbani kimya kimya. Ame aliiona ile taa ikijiwasha yenyewe jioni, swichi yake haijaguswa na mtu, na badala ya kuja Kikwajuni kumwambia mkwewe fundi, alifukiza ubani. Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe, alimwambia mkewe, tuwaachie taa yao na tusiiguse, na tusimwambie mtu tusije tukanyang'anywa chumba. Akajifungia mdomo. Walipokuja kumwuliza nani anawasha, akajibu hajui taa hiyo inawashwa na nani. Katika mwaka ule, jibu la namna ile lilikuwa sawa na kuinyosha mikono ifungwe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja wa karafuu aliyeondoka na aila yake siku za mwanzo za Mapinduzi, akaacha hata sufuria jikoni. Serikali ikawapa vyumba watu waliokuwa hawana. Ame na Mwanamwema walipata kile cha juu kabisa, penye upepo. Chini, karibu na mlango mkubwa wa kuingilia, alikaa Mkadam, katibu wa tawi la chama, pamoja na mkewe Bi Tabia. Mkadam ndiye aliyeisema taa. Alikuwa akiambiwa na watu waliotoka ufukweni kwamba dirisha la juu linawaka, naye hutoka mbio kwenda kulitazama, na kila akitoka hukuta kiza. Hilo ndilo lililomthibitishia. "Wananiona," aliuambia mkutano wa tawi. "Nikitia mguu nje tu, wanazima. Mtu asiye na hatia anamzimia nani taa?" Hapakuwa na aliyempinga.

Msabah alikwenda Darajani akanunua globu, akarudi bado anasonya. Aliipachika, akabonyeza swichi ya mlangoni, ikawaka. Akaibonyeza tena, ikazimika. Kitu kizima, hakina ila. Basi akatoa bisibisi, akakifungua kifuniko cha ile swichi ya zamani, ya mviringo, rangi ya kahawia, yenye ulimi wa shaba uliochomoza kama kidole gumba. Akachungulia ndani.

Akazihesabu waya kwa ncha ya bisibisi.

"Nini, baba?"

"Njoo utazame. Hizi waya ngapi?"

"Tatu."

"Swichi ya taa ya kawaida ina mbili. Waya mmoja unaleta moto, mmoja unaupeleka kwenye taa. Ikiwa na tatu basi swichi hii ina mwenzake. Taa moja, swichi mbili, kila mmoja anawasha na kuzima kwa upande wake, kama taa ya ngazini. Sasa huyo mwenzake yuko wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ndipo hasira ya Msabah ilipopata pa kushika. Kuta za nyumba zile ni za mawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima, na mabomba ya waya yamezikwa humo ndani na kupakwa chokaa juu yake mara nyingi hata huyaoni. Aliufuata ukuta kwa kuugonga na mpini wa bisibisi. Aliishuka ngazi akifungua kila swichi, akijaribu kila waya kwa taa yake ya kujaribia, akiwatukana mafundi wa zamani wote. Swichi ya ngazini ilikuwa ya ngazini. Ya ukumbini ilikuwa ya ukumbini. Jikoni alikuta waya uliokatwa na panya, akautengeneza bila ya kuombwa, kwa kuwa hawezi kupita mbele ya waya mbovu akauacha.

Alipofika chini, alikaa kwenye daraja ya mwisho ya ngazi kupumua, na hapo ikamjia. Zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi, marehemu mwalimu wake alimwambia juu ya nyumba za matajiri. Wageni wanaume hukaa chini sebuleni, na wanawake wa nyumba huwa juu, penye upepo. Hapana adabu ya mtumishi kupiga kelele ngazini kuwa kuna wageni. Basi huwekwa taa. Wageni wakiingia, anayewapokea huwasha huku chini na taa ikawaka kule juu, wanawake wakajua kuwa wasiteremke. Wakishaiona, huizima wenyewe juu, na hiyo ndiyo kusema tumesikia. Mwalimu wake alikuwa akiiita taa ya hodi.

Msabah aliinua macho. Sebule ya wageni ya nyumba ile ilikuwa imegawanywa kwa mbao, na kipande chenye mlango ndicho kilichokuwa chumba cha Mkadam.

Bi Tabia alikuwa ndani anachagua mchele. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nnatazama waya za nyumba. Nna ruhusa ya kuingia?"

"Karibu. Mwenyewe hayupo, yuko tawini mpaka magharibi, lakini karibu." Alimsogezea kiti, kisha akasita, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanamwema hajambo? Jana nilimpelekea uji, hakuugusa. Mimi siwezi kusema kitu humu ndani, fundi. Lakini Ame siamini kuwa ni mbaya."

Msabah alikuwa anautazama ukuta wa pembeni mwa mlango. Swichi mbili zilikuwa zimekaa pamoja, moja mpya ya plastiki, moja ya mviringo, kahawia, na ulimi wa shaba.

"Hii ya nini?"

"Hiyo imekufa. Tokea tuhamie haiwashi kitu. Mwenzangu kaifanya msumari, anatundikia mkoba wake."

"Mkoba gani?"

"Huo anaotoka nao kila siku. Tochi, makufuli ya ofisi, sijui nini na nini, mzito kama jiwe. Akirudi, hata hajavua viatu, kashautundika hapo. Akitoka anauchukua. Hawezi kwenda hata dukani bila yake."

Msabah aliuvua begani mkoba wake wa vyombo. Akaupitisha mkanda juu ya ulimi wa swichi, akauachia. Ulimi ukashuka na kulia, ta.

"Mwanamwema," aliita kupitia uani. "Tazama taa."

"Imewaka, baba," sauti ikarudi kutoka juu. "Imewaka na sijaigusa."

Aliuinua mkoba. Mkanda ukausukuma ulimi juu, ta.

"Na sasa?"

"Imezimika."

Kwa hiyo Mkadam akirudi magharibi, anaiwasha. Akiambiwa kuwa dirisha linawaka, anaunyakua mkoba atoke mbio akaone, anaizima. Kila siku alikuwa akijipigia hodi mwenyewe, na kwa hodi hiyo Ame alikuwa ndani analala chini kwenye sementi.

Mchele ulikuwa umemwagika mapajani mwa Bi Tabia, naye hakuuona. Alikuwa ameelewa yote, upesi kuliko alivyotarajia Msabah.

"Fundi," alisema, "niachie nimwambie mwenyewe. Akirudi tu namwambia. Atakwenda kwa mguu wake akamtoe Ame, wallahi atakwenda. Ni mkali, lakini si dhalimu. Ukilipeleka wewe huko kwa wakubwa, hawatacheka wale. Unawajua."

"Nshakusikia," alisema Msabah.

Akatoka. Hiyo haikuwa ahadi, na alilichagua neno lile akijua kuwa si ahadi.

Njia nzima hasira ilikwenda mbele yake. Mkadam angekwenda kumtoa Ame? Mkadam aliyesimama kwenye mkutano akasema mtu asiye na hatia anamzimia nani taa? Angekiri mbele ya tawi lake kuwa adui aliyemtafuta usiku na mchana alikuwa ni mkoba? Labda. Na labda angeing'oa ile swichi kwa koleo, akapaka chokaa juu, na Ame akaoza. Msabah hakuwa tayari kumpa mtu yule nafasi ya kuchagua. Na tuseme kweli: hakutaka pia kumpa nafasi ya kuwa mwema.

Afande Borafya, mkuu wa zamu kwenye kambi alikofungwa Ame, mama yake alikuwa jirani wa Msabah pale Kikwajuni, na nyumba zao zilishirikiana ukuta mmoja. Kwa ajili ya ukuta huo alikubali kuja. Magharibi ilipoingia walikuwa wamesimama barazani upande wa pili wa njia, Borafya, askari wake wawili, Msabah na Mwanamwema. Ufunguo wa chumba cha juu ulikuwa mfukoni mwa Borafya, naye alikipekua chumba kile mwenyewe kabla ya kukifunga. Dirisha la juu lilikuwa jeusi.

Mkadam akaja, mkoba begani. Alimwona afande, akashtuka kidogo, akampa mkono kwa heshima.

"Kuna nini, Afande?"

"Tunapunga upepo. Nenda nyumbani, bwana Mkadam."

Akaingia. Hazikupita hata pumzi nyingi, dirisha la juu likawaka.

Borafya alilitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walimwogopa kwa machache hayo. Alitia mkono mfukoni akaushika ufunguo.

"Ame yuko kwangu," alisema. "Chumba nimekifunga mimi. Kaiwasha nani?"

"Ina swichi ya pili," Msabah alisema. "Iko chini."

"Wapi?"

"Ukiingia tu. Mlango wa mwanzo, mkono wa kushoto."

"Kwa nani pale?"

"Kwa Mkadam."

Borafya akageuka, akamtazama usoni. "Mwenyewe anajua?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yote. Neno moja lingetosha. Hajui, Afande, ni mkoba, njoo nikuoneshe. Lilikuwa tayari mdomoni mwake, zima, halina uzito wowote. Lakini Msabah alimkumbuka bintiye alivyokuwa akilia chini ya kishikio kitupu, akayakumbuka na yale maneno ya mkutanoni, akalimeza neno lile.

"Mimi fundi wa umeme, Afande," alisema. "Ya moyoni mwa mtu siyajui."

Wale askari wawili wakavuka njia. Hapakuwa na kelele. Mkadam alitoka mikono mitupu, viatu bado mguuni, akisema, "Lakini mimi ndiye niliyetoa habari, mimi ndiye," na nyuma yake Bi Tabia alisimama mlangoni, anamtazama Msabah tu. Borafya aliamuru taa isiguswe na mtu, wala juu wala chini, mpaka atakaporudi. Mkoba ukabaki ukining'inia ukutani. Juu, taa ikabaki inawaka.

Ame alirudi wiki ile ile. Alipanda ngazi akiushika ukuta, na alipoletewa chai alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiuficha chini ya kanga ya mkewe. Hakusema kilichompata na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Alikaa kitandani chini ya taa ile inayowaka usiku na mchana, na Mwanamwema alipotaka kuifunika kwa kitambaa alimwambia iache. Msabah alikuja kumtazama kila siku, na kila siku aliteremka na hasira ile ile aliyopanda nayo, ila sasa hakujua aielekeze wapi.

Asubuhi moja Bi Tabia alikwenda Kikwajuni. Alimkuta Msabah uani anakwangua kutu kwenye koleo. Alimwamkia, akaitikiwa, akakataa kukaa.

"Mume wangu hawajamrudisha," alisema. "Nimekwenda kambini, nimefukuzwa. Nimewaeleza habari ya mkoba, wamesema mke lazima aseme hivyo. Wewe uliwaambia wapi, fundi. Hukuwaambia vipi."

"Sikuulizwa vipi."

"Uliulizwa kama anajua. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia."

Msabah aliitupa koleo. "Na mumeo alimwuliza nani? Ame kaulizwa nini kabla ya kusemwa mkutanoni? Nenda juu ukautazame ule mkono wake, kisha uje uniulize mimi."

"Nimekwenda. Nimeuona. Nimemkanda kwa maji ya chumvi mimi na Mwanamwema, jana na juzi." Sauti yake haikupanda. "Kwa ajili hiyo nimekuja. Sitaki wa pili."

Msabah aliiokota koleo, akaitia mkobani, akasema kwa ukali uleule, "Tangulia, twende."

Wakashika njia ya Mji Mkongwe. Kwenye chumba cha chini mkoba ulikuwa palepale, mkanda umeulalia ulimi wa shaba, na tope la viatu vya askari bado lipo mlangoni, halikufagiwa. Msabah aliutazama bila ya kuugusa.

"Usiuondoe," alimwambia. "Usiupanguse hata vumbi. Nnakwenda kumleta Borafya auinue kwa mkono wake mwenyewe, askari wake mmoja akiwa juu, aone taa inavyozimika. Akikuta imezimwa kabla hajafika, atasema tumepanga sisi, na hatarudi mara ya pili. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mkoba huo una harufu ya mumeo, najua. Usiuguse."

Bi Tabia aliinamisha kichwa.

Msabah alipotoka ukumbini alimkuta Ame amekaa katikati ya ngazi, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Hapakuwa na njia ya kujua alikaa pale tokea lini.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kambini."

"Kufanya nini?"

"Kumaliza kazi niliyoianza."

Ame alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza, tokea arudi, kumtazama mtu usoni. Msabah alisubiri aseme neno lolote, hata tusi, na angelipokea. Lakini Ame aliushika ukuta kwa mkono wa kushoto, akainuka, akaanza kupanda juu, daraja baada ya daraja.

Njiani jua lilikuwa limeshapanda. Wauza kahawa walikuwa wanakusanya vikombe, na mtoto mmoja alikuwa anakokota kopo kwa uzi. Msabah alitembea mpaka penye kona ya njia, kisha akageuka atazame, kama anavyofanya fundi yeyote anapoiacha kazi yake. Dirisha lilikuwa wazi. Taa ilionekana kwa taabu ndani ya mwanga ule wa mchana, manjano kidogo, imechoka.

Ikazimika.

Msabah alisimama katikati ya njia. Alisubiri iwake tena, na haikuwaka. Mwenye baiskeli akampigia kengele, akampisha bila ya kumtazama. Ni yeye mwenyewe aliyemfundisha bintiye, na maneno yake bado alikuwa anayakumbuka: taa moja, swichi mbili, kila mmoja anawasha na kuzima kwa upande wake. Aliyeko nje haoni mkono. Juu alikuwapo mtu, na chini alikuwapo mtu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuizima.

Akauhamishia mkoba bega la pili, na akabaki pale, macho kwenye dirisha.